Maandalizi ya mawasiliano ya dharura kwa dhoruba za baridi: waendeshaji wakae wapi?

Mratibu_Mpya

Ndugu wanaredio, salaam.

Nimekabidhiwa uratibu wa kikundi cha wanaredio wa ridhaa wanaojitolea kusaidia mawasiliano pale umeme na simu vinapokatika. Eneo letu hupata theluji nzito katika majira ya baridi, na mara nyingine hupata ile mvua inayoganda papo hapo inapogusa waya, tawi au lami, ambayo ndiyo inayonitia hofu kuliko theluji yenyewe. Mpango tuliorithi unaagiza kwamba dhoruba ikishaanza na simu zikakatika, kila mwendeshaji achukue vifaa vyake aende kwenye kituo alichopangiwa, yaani hospitali, makao ya muda ya wananchi au chumba cha uratibu wa maafa.

Nikiusoma mpango huo naona uliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria mafuriko, ambapo kwa kawaida kuna njia za kupita upande wa juu na maji huondoka baada ya muda. Barafu haina upande wa juu. Barabara zote huharibika kwa wakati mmoja, miti huanguka juu yake, na wanaojitolea kwetu wengi wao ni watu wazima wenye umri mkubwa.

Naomba uzoefu wenu katika mambo matatu. Kwanza, je, ni busara kuwatoa watu majumbani wakati wa dhoruba, au tuuandike mpango upya kwa msingi kwamba kila mtu atafanya kazi pale alipo? Pili, betri zetu zitahimili baridi kwa muda gani? Tatu, ikiwa ripita yetu ya VHF, yaani mtambo unaopokea mawimbi ya masafa ya juu sana na kuyarusha tena ili yafike mbali, itazimika, tutumie masafa gani na antena za namna gani ambazo hazitaangushwa na barafu? Nitashukuru kwa majibu yenye maelezo ya kutosha, kwa sababu nitayapeleka mbele ya kikundi kizima.

Kituo_cha_Kilimani

Ndugu Mratibu, salaam na pole kwa jukumu zito ulilopewa.

Swali lako la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na jibu langu ni kwamba mpango wa kuwatoa watu baada ya dhoruba kuanza ufutwe. Mwendeshaji aliyekwama barabarani ndani ya gari, gizani, kwenye baridi kali, hawezi tena kumsaidia mtu. Amekuwa mmoja wa wanaotafutwa, na waokoaji wanalazimika kumfuata yeye badala ya kumfuata mgonjwa. Dhoruba za baridi zina jambo moja jema ambalo tetemeko la ardhi halina: watabiri wa hali ya hewa huziona siku moja au mbili kabla, na pengine zaidi. Kwa hiyo uamuzi wote wa nani aende wapi ufanyike ndani ya muda huo wa tahadhari. Anayetakiwa hospitalini aingie hospitalini barabara zikiwa bado kavu, akiwa na chakula, dawa zake mwenyewe, nguo za kubadilisha na mahali pa kulala, naye ajue kwamba huenda asitoke kwa siku kadhaa. Asiyeweza kwenda mapema abaki nyumbani na afanye kituo chake kuwa sehemu kamili ya mtandao wa redio wa kikundi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza kama mratibu si kununua vifaa. Chukua ramani, weka alama kwenye nyumba ya kila mwendeshaji, kisha uweke alama kwenye kila hospitali, kituo cha zimamoto na jengo linaloweza kutumika kama makao ya muda. Tafuta nani anaweza kufika wapi kwa miguu bila kuvuka barabara kuu wala kupanda mlima. Utakuta vituo ambavyo havina mtu wa karibu, na hapo ndipo kikundi kinapaswa kutafuta mwanachama mpya: muuguzi, mlinzi au mwalimu anayeishi jirani, afundishwe na apate leseni mwaka huu, kabla ya majira ya baridi yajayo.

Kuhusu muda, nakusihi usipange kwa saa 24 au 72 peke yake. Mvua iliyoganda mwezi Januari 1998 kusini mashariki mwa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani iliendelea kwa siku kadhaa mfululizo, ikaangusha nguzo za umeme kwa maelfu, na baadhi ya familia zilikaa bila umeme kwa wiki kadhaa katikati ya baridi. Dhoruba Arwen iliyopiga Uingereza usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Novemba 2021 iliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni moja, na maelfu kati yao walingoja zaidi ya wiki moja. Minara mingi ya simu ina betri za akiba za saa chache tu. Hii ina maana kwamba siku ya kwanza watu bado watakuwa na simu na hawatakuhitaji sana, ila siku ya pili na ya tatu, wakati waendeshaji wako wamechoka na betri zimepungua, ndipo kazi itakapoongezeka. Usiwachoshe watu wote usiku wa kwanza.

Fundi_wa_Betri

Nachangia swali la pili, maana hapa ndipo vikundi vingi hujidanganya kwa maandishi yaliyo kwenye kibandiko cha betri.

Uwezo unaoandikwa kwenye betri ya asidi na risasi hupimwa katika joto la kawaida la chumba. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, betri hiyohiyo hubakiwa na takriban nusu tu ya uwezo wake, na ikiwa hutaki kuiharibu usitumie zaidi ya nusu ya hicho kilichobaki. Betri ya ampea-saa 100, yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 100, iliyolala kwenye banda la nje inaweza kukupa ampea-saa 25 za kutegemea, na hapo nimeichukulia kuwa ni mpya. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii: betri ya namna hii ikiisha chaji, maji yaliyo ndani hukaribia maji ya kawaida na yanaweza kuganda kwenye baridi ya nyuzi takriban 10 chini ya sifuri na kupasua kasha, wakati iliyojaa chaji huhimili baridi kali zaidi. Kwa hiyo usiiache ikae imeisha chaji hata usiku mmoja.

Betri za lithiamu na fosfeti ya chuma ni nyepesi na hutoa umeme vizuri hata baridi ikiwa imeshuka chini ya sifuri, lakini haziruhusiwi kuchajiwa seli zikiwa na joto lililo chini ya nyuzi 0. Ukizilazimisha, lithiamu hujipaka juu ya elektrodi kama metali badala ya kuingia ndani yake, uwezo hupungua kwa kudumu na usalama wa betri huharibika. Nyingi zina mzunguko wa ulinzi unaokata chaji wenyewe, nawe utaona chaja imewashwa huku hakuna kinachoingia. Dawa yake ni kuziweka ndani ya nyumba, kwenye sanduku lililosheheni kitu cha kuzuia baridi, na kupitisha waya mnene hadi kwenye redio. Zilizo na kipashajoto ndani yake ni nzuri, mradi ukumbuke kwamba kipashajoto nacho hula umeme.

Sasa hesabu. Redio ya kawaida ya wati 100 ya masafa mafupi hutumia takriban ampea 1 ikisikiliza na hufika ampea 20 hivi inapotuma kwa nguvu zote. Ukiiacha ikisikiliza mchana na usiku umekwisha kutumia ampea-saa 24 kabla hujasema neno hata moja. Kwa sababu hiyo mimi napendekeza ratiba ya kusikiliza: vituo vyote visivyo vya usimamizi vifungue redio kwa dakika 10 za mwanzo wa kila saa, kisha vizime. Kusikiliza kwa namna hiyo hutumia ampea-saa 4 tu kwa siku nzima, na zilizobaki zote ni za kutuma ujumbe. Msimamizi wa mtandao peke yake, mwenye jenereta au betri kubwa, ndiye anayesikiliza muda wote.

Kwa kuwa jenereta imetajwa, nawaomba kwa dhati mlichukue hili kwa uzito: jenereta isiwekwe ndani ya nyumba, ndani ya gereji wala barazani, hata mlango ukiwa wazi. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, na moshi uelekee mbali na nyumba. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na katika kila dhoruba kubwa ya baridi kuna watu wanaouawa nayo baada ya theluji yenyewe kuwaacha salama. Kila mwendeshaji awe na king'ora cha gesi hiyo kinachotumia betri.

Paneli za jua zisitegemewe sana. Mchana ni mfupi, jua liko chini, mawingu ni mazito na theluji hufunika paneli. Zikileta chochote, shukuru, lakini usiziandike kwenye hesabu.

Waya_Mrefu

Ndugu Mratibu, mimi nitaongelea antena na masafa.

Chukua antena ya kawaida ya waya kwa bendi ya mita 80, yaani kundi la masafa ambayo mawimbi yake yana urefu wa mita 80 hivi. Antena hiyo ina urefu wa takriban mita 40. Ikiwa ni waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 2, wote una uzito unaozidi kidogo kilo 1. Barafu ikijizungushia milimita 10 kila upande, inaongeza karibu kilo 14. Ikifika milimita 20, nyongeza hiyo inapita kilo 50. Angalieni vizuri: unene umeongezeka mara mbili, uzito umeongezeka zaidi ya mara tatu, na hapo bado upepo haujaanza kuvuma. Hakuna mti mwembamba wala nguzo ya bati itakayovumilia hali hiyo.

Ufumbuzi wangu si kuimarisha kila kitu. Nashauri antena ishikwe kwa namna ya kulegea: upande mmoja ufungwe imara, upande wa pili kamba ipite kwenye kapi na kuning'inizwa jiwe au ndoo ya mchanga yenye uzito wa wastani. Barafu ikizidi, ndoo inapanda, waya unashuka chini taratibu badala ya kukatika, na barafu ikiyeyuka waya unarudi juu. Pia weka kwenye sanduku kavu waya wa akiba uliokatwa kwa kipimo na kufungwa tayari, unaoweza kuutandaza juu ya ua au vichaka kwa urefu wa mita 3 tu. Wengine watadharau antena ya chini kiasi hicho, lakini kwa mawasiliano ya ndani ya mkoa ndiyo inayofaa, kwa kuwa hutupa mawimbi karibu wima kwenda juu, nayo ayonosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chaji ya umeme, huyarudisha chini katika eneo la kilomita mia kadhaa kukuzunguka. Milima haizuii kitu, na hakuna ripita inayohitajika. Inapoteza nguvu kiasi, lakini inasikika.

Kuhusu bendi, kanuni ya majira ya baridi ni hii: mchana jaribu mita 40, jua likielekea kuzama hamia mita 80, na usiku mrefu wa baridi, hasa katika nchi za kaskazini sana na katika miaka ambayo jua limetulia, hata mita 80 inaweza kushindwa kurudisha mawimbi ya karibu, hapo mnahitaji mita 160. Mtandao wenu uwe na saa za kuhama zilizoandikwa na kujulikana na wote, kwa sababu bendi ikifunga hakuna namna ya kuwaambia watu kwamba mmehama. Katika kanda ya kwanza (inayojumuisha Ulaya na Afrika) ya shirikisho la kimataifa la wanaredio wa ridhaa, yaani IARU, masafa yanayopendekezwa kuwa kitovu cha mawasiliano ya dharura ni kHz 3760 kwa bendi ya mita 80 na kHz 7110 kwa bendi ya mita 40. Kanda nyingine zina yake, na leseni ya nchi yako ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa VHF, chagueni mapema masafa ya kuongea moja kwa moja bila ripita, kisha mjaribu kila nyumba na kila nyumba nyingine na kuandika jedwali la nani anamsikia nani. Jedwali hilo litawaonyesha nyumba mbili au tatu ambazo husikika kila mahali, na hao ndio watakaopokezana ujumbe wa wengine.

Jambo dogo lenye madhara: theluji kavu inayopeperushwa na upepo hubeba chaji ya umeme na kuiacha kwenye waya wa antena. Utasikia mlio wa kukwaruza unaopanda hadi ukafunika sauti zote, na sehemu ya redio inayopokea mawimbi ya antena inaweza kuungua. Unganisha rezista ya kilo-omu 100 hivi kati ya waya wa antena na ardhi ili chaji ivuje polepole, na usipotumia redio chomoa kebo. Viungio vyote vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, maana maji yakiingia kwenye kebo na kuganda, kebo hiyo haifai tena. Na barafu ikishakaa kwenye mnara, asipande mtu.

Afisa_wa_Zamu

Ndugu zangu, nimekaa upande wa wanaopokea ujumbe, ndani ya chumba cha uratibu, kwa hiyo naomba niongeze lililosahaulika: ujumbe wenyewe.

Tunapokuwa na wagonjwa wanaotegemea mashine za oksijeni nyumbani na umeme umekatika, hatuhitaji maongezi marefu hewani. Tunahitaji karatasi yenye namba ya ujumbe, saa uliyoandikwa, nani anaomba, anaomba nini, kiasi gani, mahali gani, na nani aliyeupokea. Mwendeshaji mzuri kwetu ni yule anayesoma ujumbe polepole kiasi cha mwenzake kuweza kuandika kwa mkono, anayetamka majina ya mahali herufi kwa herufi, na anayedai arudishiwe ujumbe mzima kabla ya kusema umepokelewa. Nimeshuhudia ombi la "mitungi 15" likifika mezani kama "mitungi 50", na usiku kama huo gari moja tu ndilo linaloweza kutembea. Namba zote zitamkwe tarakimu moja moja: moja, tano.

Ujumbe upangwe kwa uzito. Wa kuokoa maisha hutangulia yote na hukatiza mengine. Hufuata wa haraka wenye kikomo cha saa. Kisha habari za ndugu kutafuta ndugu. Mwisho mambo ya kawaida. Habari za ndugu zisidharauliwe, kwani mzee anayejua kwamba mwanawe yuko salama hatatoka nje kwenda kumtafuta kwenye theluji.

Kumbukeni pia kwamba mawasiliano ya redio ya ridhaa yako wazi kwa kila mwenye kipokezi, na nchi nyingi zinakataza kuficha maana yake kwa maneno ya siri. Kwa hiyo jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitajwe pamoja hewani. Wekeni orodha zenye namba kwenye vituo vyote viwili kabla ya dhoruba, mtaje namba tu. Kwa orodha ndefu za dawa au vifaa tumieni mfumo wa Winlink, unaopeleka barua pepe kwa redio hadi kituo kilicho mbali na dhoruba ambacho intaneti yake bado inafanya kazi. Hapo makosa ya kusikia hupungua sana.

Mwisho, msingoje kuombwa siku ya maafa. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliingiza katika kanuni za kimataifa kifungu kinachozihimiza serikali kuwawezesha wanaredio wa ridhaa kujiandaa kwa kazi hii. Mkienda kwenye ofisi ya maafa ya eneo lenu, nendeni mkiwa na ramani, jedwali la nani anamsikia nani na jina la mtu mmoja wa kupigiwa. Sisi tulio ofisini huamini kikundi tulichokwisha kukijua kwa sura.

Mratibu_Mpya

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimeamua kupeleka pendekezo la kufuta agizo la kutoka wakati wa dhoruba, na kuweka badala yake uamuzi wa kabla ya dhoruba kama alivyoeleza ndugu wa Kilimani. Nimebakiwa na swali moja. Tunataka kufanya zoezi kabla ya baridi kali kuanza. Tulipange vipi, na wale watakaotumia redio za mkononi kwa miguu, kati ya nyumba na makao ya muda, wazingatie nini?

Kituo_cha_Kilimani

Ndugu Mratibu, ningekushauri zoezi lisifanyike kabla ya baridi, bali ndani yake. Zoezi la mchana wa jua mwezi wa vuli litakuambia tu kwamba redio zinawaka. Chagua usiku wa baridi usio na dhoruba, waagize wote wazime swichi kuu ya umeme wa nyumbani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, na watume ujumbe halisi ulioandikwa, kwa tochi, wakitumia antena ya akiba. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga nyumbani aachwe aendelee na umeme wake. Katikati ya zoezi mtangazie kila mtu kwamba ripita imeanguka, kisha unyamaze na uone ni wangapi watahamia masafa mliyokubaliana bila kuuliza. Usiku huohuo utajua betri ya nani ni ya zamani, na nani hawezi kubonyeza vitufe akiwa na glavu.

Kwa redio ya mkononi, iwekwe ndani ya koti, karibu na mwili, na kipaza sauti cha waya kitoke kwenye kola, ili betri isipoteze nguvu na vidole visiachwe wazi. Betri ya pili ikae kwenye mfuko wa ndani. Kioo cha redio hupunguza mwendo kwenye baridi kali, kwa hiyo masafa yote muhimu yawe yamehifadhiwa kwa mpangilio mmoja kwenye redio zote, mtu aweze kuhesabu mibonyezo gizani. Anayeingia kwenye jengo lenye joto na redio iliyopoa aifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, aiache ndani ya mfuko hadi ipate joto la chumba. Unyevu utatua juu ya plastiki na sakiti za ndani zitabaki kavu. Na asitembee mtu peke yake: wawe wawili, mmoja ana redio na mwingine ana tochi na koleo, na watoe taarifa kwa msimamizi wanapoondoka na wanapofika. Msimamizi akipitiwa na muda waliokubaliana bila kuwasikia, aanze kuwaita mara moja, na wasipojibu atoe taarifa kwa waokoaji bila kungoja ratiba ya saa inayofuata.